Muulize Fundi: Tela Linaloshika Breki na Bolti Iliyotiwa Kuzinyamazisha

Barua nne zilizofika mezani kwetu zinahusu jambo moja: matela yenye breki zake yenyewe, zile zinazofanya kazi kwa msukumo wa tela dhidi ya gari linalolivuta. Tumeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa kuwa jibu lake linawasaidia pia walioandika baada yake.

SWALI

Assalaamu alaykum, Bwana Fundi. Mimi ni mkulima na mvuvi wa Pemba, upande wa Mtambile. Nilinunua tela la chuma la magurudumu mawili lililotoka Marekani, limekwisha kutumika. Halina waya wala mpira wa breki unaounganishwa na gari; kichwa chake cha mbele huteleza ndani ya mkono wa tela, na mafuta ya breki yamo katika kijichombo kilichopo hapo hapo. Msimu wa karafuu nalipakia magunia, na msimu ukipita nalitumia kuishusha na kuipandisha boti yangu pwani.

Matatizo yalikuwa mawili. Nikirudi nyuma kupanda kilima cha nyumbani, tela hugoma na magurudumu huburuzwa bila kuzunguka. Tena nikisafiri kwenda Chake Chake, gurudumu la kushoto hupata moto hata harufu ya kuungua inaingia ndani ya gari. Fundi mmoja alitoboa tundu kwa drili, akapitisha bolti nene ili kichwa kisiteleze tena. Tangu hapo kurudi nyuma hakuna taabu, lakini gurudumu la kushoto linaendelea kupata moto, na nikiteremka kuelekea bandari ya Mkoani nahisi tela linalisukuma gari. Je, bolti hiyo ibaki? Na gurudumu nilifanyeje?
— Msomaji, Mtambile

JIBU

Wa alaykumus salaam. Bolti iondolewe, na iondolewe kabla hujapakia mzigo mwingine. Uliyoyaeleza ni maradhi mawili yasiyohusiana, na yote mawili yametiwa dawa moja. Ndiyo maana moja limetulia na jingine lingalipo, na juu yake limezaliwa la tatu ambalo ni kubwa kuliko yote, yaani tela lisilo na breki katika barabara za vilima.

Tuanze na jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Unapokanyaga breki, gari hupunguza mwendo ilhali tela bado lina kasi yake, kwa hiyo hulisukuma gari. Msukumo huo hukiingiza kichwa cha tela ndani ya ala yake, yaani ganda la chuma la mkono wa tela, na fimbo iliyomo humo huisukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, mafuta yakaenda magurudumuni na breki zikabana. Mzigo ukiwa mzito, msukumo nao huwa mkubwa na breki hubana zaidi; ukiwa mwepesi hubana kidogo. Dereva hana la kurekebisha, na gari lolote lenye tufe la kuvutia tela la kipimo kinacholingana, na nguvu za kutosha, linaweza kulivuta tela hilo bila kufungiwa kifaa cha ziada. Tatizo ni kwamba kichwa hicho hakitambui msukumo umetoka upande gani. Unaporudi nyuma ukipanda kilima, gari ndilo linalolisukuma tela. Kichwa huingia ndani vile vile na breki hushika. Kwenye uwanja mgumu uliolala sawa, na tela likiwa tupu, huenda usihisi kitu. Kwenye mchanga, tope au mwinuko ndipo tela linapogoma. Basi kugoma kwake kulipokuwa kunakukera kulikuwa ushahidi kwamba breki zako, angalau moja, ni nzima.

Watengenezaji walilijua jambo hili tangu mwanzo. Katika matela mengi ya Marekani, ubavuni mwa ala kuna mwanya au tundu lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya pini, au kipande cha chuma bapa, cha kukizuia kichwa kisiingie wakati wa kurudi nyuma. Kwangua rangi na tope ulitazame tela lako vizuri, kwani inawezekana kabisa kwamba tundu unalolihitaji lipo na lile la drili halikuwa na haja. Chuma cha ala na cha kichwa ndicho kinachobeba nguvu yote ya kuvuta mzigo, na kukitoboa mahali pasipopangwa ni kukidhoofisha. Nakushauri umpelekee mchomeleaji mwenye uzoefu akitazame, na ukiona ufa wowote unaoanzia kwenye tundu hilo, badilisha kichwa kizima.

Kutumia pini kuna adabu zake. Vuta gari mbele taratibu hadi kichwa kitoke mpaka mwisho wake, ndipo uipachike. Rudi nyuma ufanye kazi yako. Kisha uichomoe kabla gurudumu halijagusa barabara kuu. Kuna matoleo ambayo kipande hicho huanguka chenyewe gari likianza kwenda mbele, nayo ni afadhali sana. Kama lako ni la kuchomoa kwa mkono, ifunge pini hiyo kwa kamba fupi pamoja na ufunguo wa gari, usiweze kuondoka ukaisahau telani. Waweza kuifunga pini kitambaa chekundu cha kukukumbusha, lakini kitambaa kinachopepea nyuma ya gari dereva hakioni. Ufunguo anaushika kila safari.

Hapa pana jambo ambalo fundi wako amelikosa, na ningependa kila mwenye tela alielewe. Pini, au bolti, huzuia mafuta mapya yasisukumwe kwenda magurudumuni. Mafuta yaliyokwisha kubanwa huko haiyaachii. Ukiipachika wakati kichwa kimeingia hata kidogo, unakuwa umeyafungia mafuta yale yale yaliyozishikisha breki, na utaondoka na magurudumu yanayosaga. Vile vile, breki iliyoshika kwa kutu haitaachia kwa sababu umekifunga kichwa kilichopo mbele ya tela. Ndiyo sababu gurudumu lako la kushoto halikusikia lolote.

Sasa tulishughulikie gurudumu hilo. Kwamba ni moja tu linalopata moto ni habari njema, kwa sababu inatuondolea nusu ya kazi. Kama masta silinda ingekuwa inashikilia mafuta, magurudumu yote mawili yangepata moto. Likipata moto moja, ubovu uko baada ya pale bomba linapogawanyika kwenda kushoto na kulia.

Liache tela likiwa limeungwa na gari, hendibreki ya gari imevutwa, tia kabari mbele na nyuma ya gurudumu la kulia, kisha liinue la kushoto kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli. Lizungushe kwa mkono kwa mwelekeo wa kwenda mbele. Likiwa zito, tafuta nipo ya kutolea upepo nyuma ya dramu (kile chungu cha chuma kinachozifunika breki na kuzunguka na gurudumu), ivishe kijibomba cha plastiki kinachoishia ndani ya chupa, uifungue nusu mzunguko huku ukilitazama gurudumu. Hapo jibu hutoka lenyewe. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, basi palikuwa na shinikizo lililofungiwa: fuata bomba kutoka kwenye mgawanyiko hadi kwenye gurudumu, utafute mahali lilipofinywa na jiwe au lilipokunjwa na mtu aliyeweka jeki vibaya, na kama upande huo una kipande cha mpira, kibadilishe hata kikionekana kizuri kwa nje, kwa maana mpira wa breki ukizeeka huvimba ndani, ukapitisha mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi.

Mafuta yakitoka matone mawili na gurudumu likabaki zito kama lilivyokuwa, ubovu ni wa chuma na lazima dramu lifunguliwe. Kwa tela linaloingizwa baharini, huko ndiko ninakotarajia uende. Utakuta pistoni za wili silinda, yaani silinda ndogo inayovisukuma viatu vya breki gurudumuni, zimeganda kwa kutu, au springi za kurudishia zimekatika, au bamba linalobeba viatu vya breki limechimbika vijishimo pale viatu vinapoteleza, hata kiatu kikienda hakirudi. Vijishimo vidogo husuguliwa kwa tupa, springi ni za kubadilisha zote pamoja, na wili silinda iliyopata kutu ndani usiipige msasa ukairudisha, bali nunua nyingine. Kagua na beringi pia kabla ya kufunga: beringi kavu hupata moto sawasawa na breki iliyoshika, na wengi hubadilisha viatu vya breki bure. Shika gurudumu juu na chini ulitikise; likicheza, au likitoa mlio wa mchanga unapolizungusha, tatizo liko kwenye beringi.

Ukishafunga, rekebisha nafasi ya viatu kwa kile kigurudumu cha meno kilicho ndani ya dramu: kikaze hadi gurudumu lisizunguke kwa mkono, kisha kirudishe meno kama kumi hivi, gurudumu lizunguke likisikika kugusa kidogo sana. Fanya vivyo hivyo upande wa kulia, kwa kuwa tela linaloshika upande mmoja zaidi huvuta kwenda huko unapofunga breki. Toa upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Baada ya hayo yote, pima safari ya kichwa. Paka chaki au grisi nyembamba pale kichwa kinapoingilia kwenye ala, endesha taratibu mahali pasipo na watu, funga breki kwa nguvu mara moja, ushuke uangalie alama ilipofutika. Ikiwa kichwa kimeingia zaidi ya milimita 25 hivi, viatu viko mbali na dramu au bado mna upepo ndani ya mabomba.

Kwa faida ya wasomaji ambao magurudumu yao yote mawili hupata moto, anzieni mbele. Karibu matela yote ya aina hii yana wenzo wa dharura uliofungwa waya mwembamba unaounganishwa na gari, ili tela likichomoka, waya uuvute wenzo na breki zishike. Waya huo ukinaswa au kuvutwa kwenye kona kali, wenzo hupanda nusu na kubaki hapo, na mwenyewe hajui. Weka kabari, kisha utazame kibapa cha springi kinachoushika. Kwa aina nyingi huinuliwa kwa bisibisi, wenzo ukarudi.

Wenzo ukiwa mahali pake, fungua kifuniko cha kijichombo cha mafuta na umwombe mwenzako akisukume kichwa ndani kidogo kidogo kwa mtaimbo. Mwanzoni kabisa mwa mwendo huo unapaswa kuona tone likiruka juu kutoka kwenye kitundu kidogo chini ya chombo. Vaa miwani, na usiyaache mafuta hayo yakaangukia rangi ya gari. Tone lisiporuka, kitundu kimeziba kwa uchafu, au pistoni hairudi hadi mwisho kwa sababu ala imeshika kutu. Kitundu hicho ndicho njia ya mafuta kurudi yanapotanuka kwa joto. Kikiziba, breki iliyogusa kidogo hupata moto, mafuta yakatanuka yakakosa pa kwenda, breki ikabana zaidi, moto ukaongezeka. Ndiyo maana watu husema tela lao huwa zuri asubuhi na huanza kugoma wakiwa katikati ya safari.

Kuhusu bolti kubaki, hesabu ni hii: magunia ishirini ya kilo hamsini ni tani moja, bila kuhesabu uzito wa tela lenyewe. Gari linaloteremka na tani moja isiyo na breki nyuma yake linategemea breki zake peke yake, nazo zikipata moto hupoteza nguvu. Na ukikanyaga kwa ghafla kwenye kona, tela hupinda likaja ubavuni mwa gari. Huko Ulaya tela huruhusiwa kutokuwa na breki ikiwa uzito wake wa jumla, pamoja na mzigo, hauzidi kilo 750, na hicho ni kipimo kizuri cha kukifikiria hata kwa asiyeishi huko. Mimi naikubali bolti kwa safari moja tu: tela tupu, magurudumu yamehakikishwa kuwa yanazunguka kwa urahisi, mwendo wa polepole, kuelekea gereji.

Na kwa kuwa unalitumia pwani, usilitumbukize majini mara tu ufikapo. Dramu na habu zenye moto zikipoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea na kuyavuta maji ya chumvi kupitia oili sili hadi kwenye beringi. Lifunge gari, zungumza na wenzako mpaka habu ziguswe bila kuchoma, ndipo ushuke. Ukirudi nyumbani zimwagie maji baridi ya bomba, kwa ndani ya dramu pia kama kuna nafasi ya kuingiza mpira.

SWALI

Salamu, Bwana Fundi. Nina tela la boti lililotengenezwa Uingereza. Breki zake hazina mafuta. Zinavutwa kwa fimbo na waya wa chuma. Kila nikisimama husikia kishindo nyuma kama kwamba tumegongwa. Juzi nilipotaka kuondoka pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yanajaa, tela lilikataa kusogea hata kwenda mbele, na kijana wangu akasema breki ya mkono imejivuta yenyewe. Jambo hilo linawezekana?
— Msomaji, Kizimkazi

JIBU

Linawezekana, na kijana wako asilaumiwe. Katika matela ya Ulaya waya wa dharura umefungwa kwenye wenzo wa breki ya mkono. Gari likipinda sana kwenye mchanga, au waya ukizungushwa mahali ukawa mfupi, huuvuta wenzo huo, nao una springi au silinda ya gesi inayomalizia kazi kwa nguvu. Jihadharini wakati wa kuushusha na kuupandisha: mkono usipite juu yake, kwa kuwa hupanda ghafla na unaweza kuvunja kidole. Waya uwe na ulegevu wa kutosha kwa kona kali, usiwe mrefu wa kuburuzika chini, na uunganishwe na mahali imara penye mwili wa gari. Kuuzungusha kwenye shingo ya tufe peke yake hakutoshi, kwa sababu unaweza kuchomoka pamoja na kichwa.

Kishindo ni shokapu. Ndani ya mkono wa tela kuna shokapu inayopunguza kasi ya kichwa kuingia na kukirudisha nje, nayo ikifa kichwa hugonga mwisho wa njia yake. Kuipima si kazi. Tela likiwa limefunguliwa kwenye gari, breki ya mkono imevutwa na kabari zimewekwa, sukuma kichwa ndani kwa uzito wa mwili wako. Kinapaswa kukukatalia kwa nguvu iliyo sawa mwanzo hadi mwisho, kisha kirudi nje polepole chenyewe. Kikiingia kwa wepesi, au kikibaki ndani, shokapu ibadilishwe. Kabla ya kuilaumu, hata hivyo, jaza grisi kwenye nipo mbili zilizo juu ya ala, kwani ala kavu nayo hugonga.

Kuna kosa linalofanyika sana kwa breki hizi: kichwa kikianza kuingia sana, mtu huikaza ile fimbo iliyo chini ya tela. Viatu vikilika, nafasi huongezeka ndani ya dramu, na ni huko huko inapopunguzwa, kwa kila gurudumu, likizungushwa kwa mwelekeo wa kwenda mbele pekee. Fimbo hurekebishwa mwisho, kwa kuondoa ulegevu tu. Ukianza na fimbo, breki zinakuwa zimevutwa nusu wakati wote. Waya zenyewe, kama zimeganda ndani ya maganda yake, usizitie mafuta ukitumaini zitarudi. Chumvi ikishaingia humo hununuliwa mpya.

Wewe huhitaji pini ya kurudia nyuma ikiwa tela lako si la kale sana. Uingereza iliyataka matela mapya yenye breki yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 1989 yawe na viatu vinavyoachia vyenyewe gurudumu likizunguka kinyume. Likigoma kurudi nyuma, ujue kile kipande kinachojikunja ndani ya dramu ili viatu viachie kimeshika kutu. Hila hiyo ina upande wake wa pili: tela hilo likiegeshwa kilimani kwa namna inayotaka kubingirika kinyumenyume, breki ya mkono huachia kidogo kwanza kabla ya kushika tena. Kabari ni lazima.

SWALI

Mheshimiwa Fundi, mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wakulima wa mwani, Paje. Tuna tela lenye breki za diski za mafuta. Plagi yake ilikuwa na waya mmoja wa ziada, na fundi wa umeme aliukata akisema hauna kazi. Sasa dereva hawezi kurudi nyuma kwenye mchanga kupakia magunia. Tundu la pini hatulioni.
— Msomaji, Paje

JIBU

Bi Katibu, waya huo ulikuwa na kazi, tena ndio kazi yenyewe. Viatu vinavyoachia kinyume hupatikana katika dramu. Diski hubana sawasawa gurudumu lizungukapo upande wowote, kwa hiyo tela la diski huhitaji njia nyingine ya kurudi nyuma. Lenu limefungiwa vali ya umeme karibu na masta silinda. Taa za rivasi za gari zikiwaka, umeme wa volti 12 huifikia vali kwa waya huo, nayo huyazuia mafuta yasiende magurudumuni.

Mwambieni fundi wa umeme auunganishe waya na taa ya rivasi ya gari. Huenda aliukata kwa kuwa soketi ya gari haikuwa na mahali pake: soketi ya kawaida ya Ulaya yenye matundu 7 haina njia ya taa za rivasi, na ile ya matundu 13 inayo, katika tundu la 8. Kama gari lenu lina ya 7, apitishe waya wa pembeni wenye plagi yake ndogo na fyuzi. Akimaliza, dereva awashe swichi bila kuwasha injini na aingize rivasi, na mmoja wenu ategee sikio kwenye mkono wa tela: vali nzima hutoa mlio mfupi wa kugonga. Mlio usiposikika, apime kwanza kama umeme unafika pamoja na hasi yake, maana hasi iliyoshika kutu ya chumvi huiua vali bila vali kuwa na kosa.

Dereva naye akumbuke utaratibu. Akisimama kwa kufunga breki, kichwa kimeshaingia na mafuta yameshabanwa, na vali ikiwashwa hapo itayafungia huko huko. Asogee mbele hatua moja kichwa kitoke, ndipo aingize rivasi.

Nina swali langu kwenu: diski hizo zilikuja na tela, au mtu alizifunga baadaye mahali pa dramu? Masta silinda nyingi za dramu zina kijivali kinachobakisha shinikizo dogo ndani ya mabomba, na kwa diski shinikizo hilo hubana wakati wote. Kama zilibadilishwa, na magurudumu yote hupata moto, kijivali hicho kitolewe.

SWALI

Shikamoo Mzee. Mafuta ya breki ya tela yalipungua, nikajaza oili ya injini iliyokuwa imebaki nyumbani. Kidogo tu. Sasa breki zimeshika na haziachii. Nimwage nijaze ya breki?
— Msomaji, Chwaka

JIBU

Marahaba kijana wangu. Kumwaga hakutatosha. Mpira wa breki hutengenezwa uvumilie mafuta ya breki. Oili ya injini, ya gia au ya haidroliki ya kawaida huuvimbisha, na pistoni zikakwama ndani ya silinda kama ulivyoona. Vifaa vyote vyenye mpira vibadilishwe: vikombe vya masta silinda na wili silinda, mipira ya mabomba, na hata kile kiraba cha kifuniko. Mabomba ya chuma yaoshwe kwa spiriti na kupulizwa hadi yakauke. Mara nyingi wili silinda mpya nzima hugharimu karibu sawa na vikombe vyake pamoja na ufundi, kwa hiyo uliza bei zote mbili.

Kisha jaza mafuta yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Hayo mawili yanaweza kuchanganyika. Ya DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye nayo. Nunua chupa ndogo ambayo haijafunguliwa, kwani mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 hivi za Selsiasi, na yaliyonyonya maji hushuka hadi kama 140, kiwango ambacho breki inayosaga hukifikia bila shida. Chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka jana usiitumie.

Mpaka kazi hiyo imalizike, tela lisitoke uani. Likihitajika kusogezwa, fungua nipo za magurudumu yote mawili ili shinikizo litoke, uzifunge tena, na ulisukume kwa mikono.